Mama ana saratani ya kifuko cha nyongo, macho yake yamekuwa ya njano, na CA 19-9 yake (kiashiria cha saratani kinachopimwa kwenye damu) ni 210. Ndiyo hatua ya nne?

Pole sana dada, na mama pia. Hiyo 210 peke yake haisemi hatua. Ndiyo, kikomo cha kawaida ni 37, lakini umeandika macho yake yamekuwa ya njano. Mrija wa nyongo ukiziba, hata kwa mawe tu, CA 19-9 hupanda. Na wapo watu ambao miili yao haiitengenezi kabisa, hata saratani ikiwa imeenea. Hatua hujulikana kwa siti skani na, akipasuliwa, kwa kupima kinyama kilichotolewa: saratani imepenya ukuta wa kifuko cha nyongo kiasi gani, imegusa ini, imefika kwenye tezi za limfu? Kigoma hadi hospitali ya Bugando, Mwanza, ni safari, najua, ila bebeni picha zote. Mrija ukishazibuliwa na njano ikaisha, mwombeni daktari arudie kipimo.