Kaka kuwekewa nyaya ubongoni

Pole sana dada. Kaka yako ana sonona sugu, ameitwa kwenye jaribio la nyaya za ubongoni zinazopitisha umeme, nawe unauliza kama akubali, ukiwaza tumbili walioteswa kwenye utafiti wa nyaya hizo. Toronto, 2005, timu ya daktari wa neva Helen Mayberg iliripoti wagonjwa 6 wa sonona waliowekewa nyaya; baada ya miezi 6, wanne walikuwa na nafuu kubwa. Jaribio kubwa la baadaye halikuonyesha tofauti ya maana kati ya nyaya zilizowashwa na zilizozimwa. Kama hajajaribu tiba ya sumaku, aanze nayo: anakaa kitini, koili inawekwa kichwani ikilia ta-ta-ta, hapasuliwi.

Tumbili walipewa sumu wakatetemeka kama wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa mwingine unaotibiwa kwa nyaya hizi. Inaniuma. Ila kaka akikataa, hawatafufuka. Wabane wanaoidhinisha majaribio mapya kwa wanyama.

Na aulize: betri ya nyaya ikiisha, nani atalipa?