Maswali Yenu: Kwenda Namugongo kwa Miguu

Mwezi wa tano ukikaribia meseji za hija ya Namugongo kule Uganda, kwa sikukuu ya Mashahidi wa Uganda tarehe 3 Juni, zinaanza kumiminika, kwa hiyo safari hii nimeweka zinazohusu kutembea tu maana naona wengi mko kwenye maandalizi.

Tumsifu Yesu Kristo mama. Mama yetu ana miaka 61, anaishi Bukoba, ana presha na anameza dawa kila siku. Amejiandikisha na kikundi cha parokia watembee mpaka Namugongo kwa ajili ya tarehe 3 Juni. Mimi na wadogo zangu tumesema tutamlipia basi kwenda na kurudi, amekataa kabisa, anasema akipanda basi atakuwa hajahiji. Je ni kweli? Na sisi tufanyeje? – Kijana wa Mwanza

Milele amina mwanangu. Sio kweli kwamba wa basi hajahiji, na hilo muombe paroko wake amwambie mwenyewe, litaingia vizuri zaidi kuliko likitoka kwenu. Lakini nawe usimwone mama mkaidi. Wale mashahidi wenyewe walitembezwa, Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, aliwahukumu pale Munyonyo mwezi wa tano 1886, wakafungwa kamba wakaswagwa kwa miguu, wengine hawakufika hata huko Namugongo, Ponsiano Ngondwe aliuawa njiani, ndo tarehe 3 Juni Karoli Lwanga na wenzake wakachomwa moto. Mama anapotaka kutembea anataka kuwafuata vile walivyokwenda, na mimi namwelewa sana.

Sasa tuje kwenye mwili. Bukoba mpaka Mutukula pale mpakani ni kama kilomita 80, afu Mutukula kupitia Kyotera na Masaka mpaka Kampala ni 220 hivi, kwa hiyo jumla ni kama kilomita 300 na hiyo ni zaidi ya wiki nzima ya kutembea kila siku. Mpelekeni hospitali sasaivi, sio wiki ya kuondoka, apimwe presha na daktari aambiwe wazi kwamba huyu anataka kutembea kilomita hizo zote, asije akafikiri ni matembezi ya jioni. Daktari akikubali aanze mazoezi, leo lisaa limoja, wiki ijayo masaa mawili, mpaka aweze kutembea asubuhi nzima na kesho yake akaamka akatembea tena, maana kinachowaangusha watu sio siku ya kwanza, ni ya tatu.

Na dawa zake nakuomba sana zisiwekwe kwenye begi linalopanda pikapu! Vikundi vingi vina gari la kubeba mizigo na magodoro, na lile gari huwa linatangulia mbele kwenda kupika na kutafuta pa kulala, mama anabaki nyuma saa saba mchana kichwa kinamgonga na dawa ziko kilomita 15 mbele. Azifunge kiunoni kwenye kipochi pamoja na karatasi yenye jina lake, dawa anazotumia na namba zenu za simu. Maji asingoje kiu, na ORS, ile chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini, pakiti mbili tatu asikose.

Kuna kipande kati ya Lukaya na Kayabwe kinaitwa Lwera, barabara imekatiza kwenye bwawa, mafunjo kulia na kushoto, nyumba hakuna, kivuli hakuna, na malori yanapita kasi. Hapo hata vijana wanalegea. Muulizeni kiongozi wa kikundi mapema, Lwera mnapita saa ngapi na nani anatembea na wa mwisho? Akikujibu kwamba kila mtu ajitahidi, mtafutieni mama kikundi kingine. Kikundi kizuri kinaweka wanaotembea polepole mbele ili wao ndo waamue mwendo, na mtu akichoka anapanda gari bila kuangaliwa vibaya, kesho anashuka anaendelea. Mimi hili ndo naliamini kuliko yote kwenye hija ya miguu, kwamba mnafika pamoja. Namugongo hakuna mtu mlangoni anayekuuliza umetembea kilomita ngapi, kwa hiyo hata akipanda gari mpaka Masaka akaanzia hapo, au akatembea siku ya mwisho tu, amehiji.

Mwisho kabisa, hati ya kusafiria na kadi ya homa ya manjano awe navyo, hiyo kadi anaweza kuulizwa hata wakati anarudi nyumbani.

Mambo vipi mama, sisi ni vijana wa Busia upande wa Kenya, tunataka kutembea mara yetu ya kwanza. Ninunue viatu gani na njia iko aje? – Brayo

Poa mwanangu. Usinunue kiatu kipya cha hija, au ukinunua kivae miezi miwili kabla. Raba nyepesi iliyozidi mguu kidogo inatosha, kwa sababu mguu unavimba mchana na kiatu kilichokutosha asubuhi, ikifika saa nane mchana kinakuwa adui. Soksi jozi tatu, Vaseline kati ya vidole kabla hujaondoka. Ukisikia sehemu inawaka simama HAPOHAPO uifunge plasta, usiseme nitafunga tukifika. Lengelenge likishatoka usichune ile ngozi ya juu, osha kwa sabuni, kausha, funika na kitambaa safi.

Njia yenu ni Bugiri, Iganga, Jinja mnavuka Nile, msitu wa Mabira, Lugazi, Mukono, afu mnakata kuelekea Kyaliwajjala na Namugongo, ni kilomita 200 hivi. Hiyo ndo barabara ya malori yote yanayotoka Mombasa, kwa hiyo tembeeni upande wa kulia muyaone yanayokuja, mstari mmoja, na mkiondoka saa kumi alfajiri kukiwa giza wa mbele na wa nyuma wavae riflekta na kushika tochi. Mwezi wa tano mvua bado ipo, beba karatasi la plastiki la kufunika begi, na neti usiache, malaria ya huko sio mchezo. Kitambulisho cha taifa kinakutosha kuvuka mpaka.

Mtakalolipenda ni jioni. Mnafika parokia fulani mmechoka hoi, mnakuta akina mama wa pale ambao hawawajui wala lugha hamwelewani vizuri wamepanga mabeseni ya maji ya moto yenye chumvi chini ya mwembe, mnakaa kwenye mabenchi ya shule mkiwa mmetumbukiza miguu, mmoja anapita na chai ya tangawizi, na kwenye ukuta wa darasa kuna ekstensheni moja ina simu zimening'inia kama mkungu wa ndizi. Washukuruni, na asubuhi fagieni hilo darasa kabla hamjaondoka.

Mimi ni Mwanglikana, rafiki zangu wa kazini ni Wakatoliki wanakwenda. Nikienda nao nitakuwa mgeni? – Neema, Arusha

Neema mwanangu, hao mashahidi ni wa kwenu pia. Wakatoliki ni 22, Waanglikana ni 23, wamekufa kwa imani ileile na siku ile ya tarehe 3 wengine walichomwa pamoja. Papa Paulo wa Sita alipowatangaza watakatifu wale 22 mwezi wa kumi 1964 aliwataja na wa Anglikana. Kanisa la Anglikana lina eneo lake hapohapo Namugongo, unatoka basilika unatembea kidogo umefika, na wao wanasali kwao siku hiyohiyo. Tembea na wenzako njia nzima, asubuhi ya sikukuu nenda kwenye ibada yenu, mkutane mchana, ila pangeni sehemu ya kukutana mapema maana ule umati ni mkubwa mno na simu zinagoma.

Niko Ujerumani, likizo ya Juni sipati. Wazungu hapa wananiambia niende Santiago. Inafaa? – Msomaji, Köln

Inafaa sana, ni njia ya kwenda kaburi la Mtume Yakobo kule Hispania, watu wanaitembea tangu enzi za kati. Kuanzia Saint-Jean-Pied-de-Port Ufaransa ni karibu kilomita 780, lakini kule wana sheria, ukitaka cheti chao lazima utembee angalau kilomita 100 na umalizie Santiago, ndo maana wengi wanaanzia Sarria. Unabeba kijitabu kinagongwa mihuri njiani, unafuata mishale ya njano, unalala kwenye mabweni ya mahujaji. Ukiwa peke yako ni salama kuliko barabara zetu kwa sababu sehemu kubwa ni njia za miguu na vijiji viko karibu karibu. Angalia tu kwamba 2027 ni mwaka mtakatifu kwao, kwa vile tarehe 25 Julai, sikukuu ya Yakobo, inaangukia Jumapili, na mwaka kama huo vitanda vinajaa, kwa hiyo ukichagua huo tafuta pa kulala mapema.