Re: Mahabusu, Kilimani au Wete? USITOE HATA SHILINGI

Weee hebu shika hapo hapo! Mdogo wako yuko mahabusu gereza la Kilimani hapa Unguja, kesi iko koti (mahakama) ya Mwanakwerekwe, kisha kuna "mtu" anataka milioni amhamishie la Wete, Pemba, kwa kuwa kule watu wachache na chakula kizuri? Huyo mtu namjua mie. Kama si yeye basi pacha wake.

Sie wetu tulimpata barazani Darajani, shati jeupe, faili la kaki kwapani, anakunywa kahawa tunalipa sie. Shemeji yangu keshakamatwa, mama mkwe analia nyumba nzima, jamaa akaanza kutulinganishia vyuo (Vyuo vya Mafunzo, ndo magereza yetu ya Zanzibar) kama dalali wa viwanja, Kilimani joto watu wamebanana, Wete upepo, maembe yanajiangukia. Akatoa karatasi ina muhuri, wino umetapakaa hata herufi husomi, tukasema ndo wa serikali huo. Tukatoa, bangili za mama mkwe zikaenda kwa sonara. Baadae akarudi na mpya, eti akiongezewa kidogo anampeleka mpaka gereza la Segerea, Dar, kuna vitanda. Segerea! Chuo cha Mafunzo ni cha Serikali ya Zanzibar, Magereza ya Bara ni watu wengine kabisa, na kesi iko huku, mtu atavushwaje bahari halafu tarehe ya kesi arudi na boti? Na bado tukampa ya nauli. Wallahi angetaja Changuu, kile kisiwa cha karibu na mji, tungechanga vilevile, na lile gereza limejengwa 1893 halijalaza mfungwa, likaishia kuwa karantini. Chekeni tu.

Sasa pesa niliisamehe. Kinachonikereketa mpaka leo ni kwamba muda wote huo DHAMANA ILIKUWA WAZI. Hakimu alishasema mwanzo kabisa, wadhamini wawili, barua ya sheha (kiongozi wa mtaa), kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, basi. Yule mshenzi akatwambia "msisogee koti, mtaniharibia mpango", na sie watu wazima na ndevu zetu tukakaa kitako tunasubiri mpango. Mtu wetu analala ndani kwa jambo lililotaka ami zake wawili tu waamke mapema. Nilipokwenda kumuona akaniuliza, "Kwani kaka, nyumbani hamnitaki?" Nikajifanya nakohoa.

Tena tuseme angehamishwa kweli. Kilimani mama yake anapanda daladala, anamuona, adhuhuri yupo kwake. Wete mama huyohuyo akapande boti bandarini Malindi hapa mjini, ashuke bandari ya Mkoani, Pemba, atafute gari ya Chake Chake, kisha ya Wete, Pemba yote kaipita kutoka kusini mpaka kaskazini, na miguu yake ile. Mara ya kwanza atakwenda, ya pili atatuma salamu. Mahabusu akae karibu na koti yake na karibu na watu wake, hayo ya wapi pazuri waachie wanaotafuta hoteli.

Umeuliza na chakula, sijui magodoro, na nini vile jengine... biriani hakuna popote, ushajibiwa.

Sheha mpigie leo leo usiku, usingoje umkute ofisini. Na wadhamini waangalie vitambulisho vyao kabla hawajatoka nyumbani, maana ami mmoja wetu kafika mpaka mbele ya karani ndo inaonekana chake kimeisha muda, ikawa tarehe nyengine.