Hoja ya mdahalo: nani aliirudisha Mocímboa da Praia?

Kaka wa Ngamiani, umeuliza uteteeje, kwenye mdahalo wa vijana hapo Tanga, hoja kwamba uongozi wa kisiasa ndio uliogeuza vita vya Cabo Delgado, mkoa wa kaskazini mwa Msumbiji. Shika tarehe, ndizo zitakazokubeba.

Mashambulizi ya wapiganaji wanaodai kupigania Uislamu yalianza Oktoba 2017. Serikali ya Msumbiji ikategemea kampuni binafsi za kivita: Wagner ya Urusi mwaka 2019, kisha Dyck Advisory Group ya Afrika Kusini, yenye helikopta, mwaka 2020. Hata hivyo, Agosti 2020 mji wa bandari wa Mocímboa da Praia ukaangukia mikononi mwa wapiganaji. Helikopta ya kukodi hupiga ikaondoka. Haiwezi kushika mji.

Mji wa Palma, mkoani humo, uliposhambuliwa Machi 2021, Filipe Nyusi, rais wa Msumbiji wakati huo, akakubali majeshi ya nje. Julai Rwanda ikapeleka askari wapatao 1,000, na kikosi cha SADC (jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika), Tanzania ikiwemo, kikaanza kuingia. Tarehe 8 Agosti Mocímboa da Praia ikarudi mikononi mwa serikali. Wiki chache tu!

Wapinzani watakuambia kazi ilifanywa na askari. Kubali, kisha uliza: nani aliwaruhusu waingie, na kwa nini ruhusa ilichelewa karibu miaka minne? Hapo ndipo nguvu yako ilipo.

Usidai ushindi kamili, utaumbuka. Wapiganaji walitawanyika, na Mei 2024 waliingia mji wa Macomia, mkoani humo humo, wakati kikosi cha SADC kikifungasha. Kuondoka huko nako kuliamuliwa na wanasiasa, kwa hiyo mfano huo utumie wewe kabla hawajakuwahi.

Na tafadhali, mtu akianza kuwasema Waislamu wa pwani, mkatize papo hapo. Wao wenyewe wamechinjwa na wapiganaji hao na kukimbia makwao.