Sanduku ndani ya mashua

Mwanangu Rehema,

Barua yako imefika Jumanne. Mama yako anakusalimu, mguu wake umepata nafuu.

Nijibu swali lako, maana naona limekukosesha usingizi. Umemaliza kusoma *An American Tragedy*, riwaya ya Theodore Dreiser iliyotokana na kesi ya kweli, unaniuliza: "Baba, wewe uliyekaa mahakamani miaka yote ile ukinakili maneno ya mashahidi, yule kijana aliua au hakuua?"

Yupi, wa kitabuni au wa kweli?

Wa kweli aliitwa Chester Gillette, kijana wa kiwanda cha sketi cha ami yake, mjini Cortland, jimbo la New York. Grace Brown, binti wa mkulima, alifanya kazi humohumo. Akashika mimba yake. Tarehe 11 Julai 1906 wakapanda mashua katika Ziwa Big Moose, akarudi nchi kavu mmoja.

Sasa tazama kwa jicho la karani. Grace aliiacha kofia yake hotelini. Chester aliingia kwenye mashua na sanduku lake la nguo, raketi ya tenisi imefungwa juu yake. Nani huenda kupunga upepo ziwani na sanduku? Na kwenye daftari la hoteli kaandika jina la uongo, Carl Grahm, huku akichunga herufi za mwanzo zilingane na zile za kwenye sanduku. Kizimbani akadai Grace alijitupa majini mwenyewe. Wale raia 12 (kule si kama wazee wetu wa baraza, wao ndio waamuzi) hawakumsadiki. Tarehe 30 Machi 1908 aliuawa kwa kiti cha umeme gerezani Auburn. Mimi ningesadiki? Hata kidogo.

Dreiser, mwaka 1925, akaondoa raketi akaweka kamera. Clyde, Chester wake wa kitabuni, amepanga kuua, kisha anakosa ujasiri. Roberta, yaani Grace wa kitabuni, anamsogelea, kamera inampiga bila kukusudiwa, mashua inapinduka. Roberta anapiga kelele za kuomba msaada, na Clyde anajiogelea zake. Hapo ndipo ulipokwama, najua. Jalada la Gillette ningelifunga kabla ya chai ya saa nne. La Clyde lingebaki mezani kwangu mpaka leo.

Ila kuna jambo hukuliuliza. Barua za Roberta zilizokuliza zimechotwa kutoka barua za Grace mwenyewe. Zilikutwa chumbani kwa Chester, mwendesha mashtaka akazisoma mahakamani, watu wakabubujikwa machozi. Katika ile ya mwisho anaaga kila kona ya kwao, anajua hataziona tena, na anasema laiti angeweza kumwambia mama yake, lakini hawezi.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu, nikaenda uani kumwuliza mama yako mara ya mwisho ulipiga simu lini.

Baba yako