Mikwaruzo ya miiba mlangoni

SWALI: Miiba imekwaruza mlango wa gari langu. Fundi anataka kupiga rangi mlango mzima. Je, naweza kuondoa mikwaruzo hiyo mwenyewe nyumbani? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Pitisha ukucha kwanza. Usipokwama, mkwaruzo umeishia kwenye klia, yaani safu ya juu inayong'aa, na kupiga rangi mlango mzima ni kupoteza fedha. Osha mlango kwa shampuu ya gari, kwani chembe moja ya mchanga huzaa mikwaruzo mipya. Loweka msasa wa maji namba 2000 kwa dakika 10, sugua taratibu huku ukimwagia maji, kisha namba 3000. Malizia kwa kompaundi, yaani dawa ya kung'arisha rangi, na kitambaa laini hadi mng'ao urudi. Usiguse kingo za mlango kwa msasa. Klia ya hapo ni nyembamba mno. Maji ya kusugulia yakigeuka rangi ya gari badala ya meupe, acha mara moja: klia imekwisha.

Ukucha ukikwama, nunua rangi kwa namba iliyo kwenye kibandiko cha gari, upake kwa brashi ndogo tabaka 2 au 3 nyembamba. Bati likionekana, tanguliza praima, yaani rangi ya msingi, la sivyo kutu itainua rangi. Fanyia kivulini.