Maswali ya Wasomaji: Achilles na Ajax Mbele ya Kete

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeona picha ya mtungi wa kale wa Ugiriki, wanaume wawili wenye silaha wakiwa wameinamia kigoda wakicheza. Maelezo yalisema ni Achilles na Ajax, mashujaa wa Kigiriki. Nimesoma masimulizi ya Vita vya Troya na sikukuta mahali wanapocheza. Tunajuaje kwamba ni wao, na kwa nini wasichorwe wakipigana? — Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, usomaji wako haukuwa na kasoro. Mchezo huo haumo katika Iliadi ya Homeri, utenzi wa kale wa Vita vya Troya, wala hatuna andiko la kale linalokisimulia kisa hicho. Tunawatambua kwa sababu mchoraji ameandika majina yao kando yao, desturi iliyokuwa ya kawaida kwa mafundi wa Athens. Fundi mwenyewe ni Exekias, aliyetia sahihi kwamba ndiye aliyeufinyanga na kuuchora, kati ya mwaka 540 na 530 hivi KK. Mtungi huo ulipatikana Vulci, nchini Italia, kwa kuwa Waetruski, watu wa kale wa huko, walinunua sana vyombo vya Athens, na leo umo katika Makumbusho ya Vatikani.

Uitazame tena picha hiyo taratibu. Achilles, aliye kushoto, amevaa chapeo yake, ilhali ya Ajax imewekwa juu ya ngao nyuma yake; kila mmoja ameshika mikuki miwili, kana kwamba baragumu likilia watainuka papo hapo. Karibu na mdomo wa Achilles pameandikwa "nne", na karibu na wa Ajax "tatu", yaani tunasoma hesabu za kete wanazozitamka, na Ajax anashindwa. Majoho yao yamejaa nakshi nyembamba mno, zilizokwaruzwa kwa ncha kali kabla ya chombo kuingia tanurini. Weusi wa miili yao nao si rangi ya kawaida: ni udongo laini wenye chuma, uliogeuka mweusi pale hewa ilipozuiwa tanurini.

Kuhusu kwa nini hawapigani, nina hakika kwamba Exekias aliwategemea watazamaji wake. Wao walijua kwamba Achilles atauawa kwa mshale wa Paris, mwana wa mfalme wa Troya, na kwamba Ajax ndiye atakayeubeba mwili wake kuutoa vitani, tukio ambalo mchoraji Kleitias alikwisha kulichora karibu mwaka 570 KK kwenye vishikio vya chombo kikubwa kilichoko Florence. Walijua pia kwamba silaha za marehemu atapewa Odysseus, shujaa mwenzao wa Kigiriki, na Ajax, kwa uchungu wa kunyimwa, atajiua. Kwa mtu anayeyajua hayo, ile "tatu" ya Ajax ni nzito kuliko pigo lolote la upanga.

Ukipata nafasi, tafuta pia picha ya mtungi mwingine wa Exekias, ulioko Boulogne-sur-Mer, Ufaransa. Wachoraji wengine walimwonyesha Ajax akiwa tayari ameuangukia upanga, lakini hapa yuko peke yake, amechuchumaa kando ya mtende, paji la uso limekunjamana, naye anaushindilia udongo kwa mikono ili upanga usimame wima. Chapeo na ngao yake viko mbele yake, vimemwelekea.